Kesi ya kioo na vumbi la Kihagara

UKIINGIA kwenye duka la kompyuta Kariakoo ukasema "natafuta kesi", muuzaji hashtuki. Atakuuliza tu unataka ya bei gani. Sema neno hilo hilo kijijini kwetu Kihagara, watu watataka kujua umegombana na nani na mko mahakama gani. Ndiyo Kiswahili chetu hiki, kinakopa neno kisha kinakuachia wewe kazi ya kujieleza. Wapo wanaoliita lile bati lote "CPU", wakati CPU yenyewe ni kidude kisichozidi biskuti, kimejificha ndani kabisa chini ya feni. Mimi nitasema kesi kama wanavyosema madukani, na msiniulize hakimu ni nani.

Nimeitafuta kesi hiyo kwa karibu miezi mitatu. Ndiyo, miezi mitatu kwa ajili ya sanduku. Prosesa niliipata ndani ya siku mbili, ubao mama ndani ya wiki, diski nilizinunua siku ile ile nilipolipwa makala zangu. Kesi ndiyo iliyonitoa jasho, na sababu yake ni kioo.

Kwanza mjue kompyuta yenyewe ni ya nini, maana msije mkadhani nimetajirika. Kwa miaka minne sasa kila ninaporudi nyumbani nabeba kinasa sauti na kamera ndogo, nakaa na wazee wa mwambao wetu wa Ziwa Nyasa, nawaacha waseme. Wanasimulia enzi za MV Songea, namna watu walivyolala ufukweni na magunia yao wakiisubiri, nani alipanda na mbuzi, nani alishuka na mke. Wanasimulia njaa, misiba, mashindano ya ngoma, bei ya usipa. Nina saa zaidi ya sitini za sauti na video. Wazee watatu kati ya hao wameshatutangulia. Sauti zao ziko kwenye diski mbili za kubeba mkononi, na moja imeanza kutoa mlio wa tik, tik, tik kama saa ya ukutani. Anayejua kompyuta anaujua mlio huo, na anajua usingizi unavyopaa.

Basi nikaamua: iundwe mashine moja, ikae Kihagara moja kwa moja. Iwe na diski mbili kubwa, hii nakala ya ile. Iwe na nguvu ya kuhariri video, kwa sababu laptopu yangu ukiipa dakika kumi za picha inakesha nazo kama mgonjwa. Na iwe na mtu wa kuiangalia ninapokuwa Dar es Salaam. Mtu huyo ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, amemaliza kidato cha nne na mikono yake haitulii. Redio yoyote iliyokufa kijijini inaishia mezani kwake.

Huyo ndiye aliyeleta habari za kioo. Alinionyesha picha kwenye simu: kasha ambalo ubavu wake mzima ni kioo, ndani kuna feni tatu zinawaka rangi ya bluu, zambarau na nyekundu, utadhani ni baa ya Sinza. "Kaka, ukinunua isiyo na kioo bora usinunue kabisa." Mjomba wangu alikuwa amekaa pembeni anashona wavu. Akauliza bei. Nilipomtajia, akaweka sindano chini. "Mjomba," akaniambia, maana ndivyo tunavyoitana pande zote mbili, "hela yote hiyo ya sanduku? Seremala wa hapa kwa hela hiyo anakutengenezea kabati, anakuwekea na kufuli, na chenji anakurudishia."

Kwa siku kadhaa nilikuwa upande wa mjomba. Niliona kioo ni ushamba wa mjini, kitu cha vijana wanaocheza gemu na kujipiga picha. Na kusema kweli, historia ya makasha inaunga mkono dharau hiyo kiasi. Wale tuliozianza kompyuta kwenye intaneti kafe tunakumbuka masanduku yale ya rangi ya maziwa yaliyochacha, yote yamefanana kama sare za jela. Mwaka 1995 Intel walitoa mpangilio uitwao ATX, unaosema matundu ya skrubu yawe wapi, ubao uwe na vipimo gani, pawa saplai ikae vipi. Ni mpangilio huo unaoniwezesha leo kununua ubao wa kampuni hii na kasha la kampuni ile, vikakubaliana. (Mitumba mingi ya maofisini haiufuati. Ukiifungua unakuta ubao na plagi za pawa ni vya kwake peke yake, huwezi kuhamishia kasha jingine. Ndiyo maana sikuanzia huko.) Mwaka 1998 Apple wakaleta iMac yenye ganda la bluu la kuonyesha ndani, watu wakashangaa kwamba kumbe kompyuta inaweza kupendeza. Baadaye wapenda mashine wakaanza kukata mabati ya kesi zao kwa mikono na kubandika plastiki angavu. Viwanda vikaona soko, vikaweka madirisha ya plastiki, na plastiki ilipokuwa inachubuka kila ikifutwa wakahamia kioo.

Hadi hapo ni urembo mtupu. Kilichonifanya niufikirie upya ni jambo lililonipata zamani kidogo, kwenye mji mmoja ambao siutaji. Nilipeleka kompyuta yangu ya mezani kwa fundi kwa sababu ilikuwa inajizima. Ikarudi, haijizimi tena, nikafurahi. Wiki mbili baadaye nikaona imekuwa nzito isivyo kawaida. Nilipochungulia, memori zilizokuwa mbili zimebaki moja, na hiyo moja si yangu. Nilipokwenda kuuliza nikaambiwa "ilikuwa hivi hivi tangu umeileta". Ningethibitisha vipi? Boksi la bati limefungwa, mwenyewe sikuwahi kulifungua, nilichokuwa nacho ni neno langu tu.

Tazameni basi tunavyoishi na mashine zetu. Tunanunua kitu cha milioni moja na ushee, na tunamwachia fundi peke yake ruhusa ya kujua ndani kuna nini. Baiskeli mtoto wa darasa la tatu anajua mnyororo uko wapi. Mashine ya kusaga kila mama aliyewahi kupanga foleni anaujua mkanda ulikopita. Kompyuta imekuwa kama chumba cha mganga. Nikamfikiria mdogo wangu na meza yake ya redio, nikafikiria vijana wa pale ambao somo la kompyuta kwao ni mchoro wa ubaoni, na kasha lenye ubavu wa kioo likaanza kunipa maana nyingine kabisa. Hii ni memori, ziko mbili. Hii ni diski, hii ni nakala yake. Feni hii ikisimama, zima. Mtu anaweza kuyaona hayo akiwa amesimama tu, bila bisibisi na bila kuniomba ruhusa.

Sawa, kioo. Lakini kioo wapi?

Hapa ndipo madukani wanapotuchezea akili, tuwe macho. Zipo kesi zenye kioo ubavuni, na zipo zenye kioo ubavuni na mbele. Hizi za pili zinapendeza sana kwenye rafu, na ndizo muuzaji aliyoninadia kwa nguvu. Fikirieni mashine yangu: ikiwa kazini inatumia kama wati 300, yaani ni sawa na kuziwasha balbu tano za zamani za wati 60 na kuzifungia ndani ya sanduku. Joto hilo halitoki kwa kupenya ubavuni, linatoka na hewa. Feni za mbele zinavuta, ya nyuma inatupa. Ubavu ukiwa kioo au bati tofauti yake ni ndogo sana. Lakini uso wa mbele ukiuziba kwa kioo, feni zinabaki kunyonya hewa kupitia upenyo mwembamba wa pembeni kama mtu anayepumua kwa mrija. Na hewa yenyewe ni ya Kihagara. Mbinga mjini, juu kule Umatengoni kwenye kahawa, unaweza kuvaa sweta mchana. Ukiteremka ziwani mwezi wa kumi na wa kumi na moja, chumba kinafika mahali mbwa mwenyewe anakataa kuingia. Feni haiwezi kuipoza mashine ikawa chini ya joto la chumba, hata uweke feni kumi. Kwa hiyo kila upenyo una thamani.

Halafu vumbi. Dar kuna vumbi, ila la kwetu lina rangi yake, ni jekundu na laini kama unga wa muhogo, linaingia hata kwenye begi lenye zipu. Nikaamua mbele pawe wavu mtupu wa chuma, nyuma yake chujio linalochomoka kwa mkono na kuoshwa kwa maji. Feni mbili za milimita 120 ziingize, moja itoe. Hesabu ni rahisi: ikiingia nyingi kuliko inayotolewa, hewa ya ziada inatafuta njia ya kutokea kwenye kila ufa wa kasha, na vumbi linakosa mahali pa kujipenyeza isipokuwa kwenye chujio. Ukifanya kinyume, kila ufa unageuka mdomo unaonyonya.

Na kuna wageni wengine ambao watengenezaji wa huko ng'ambo nadhani hawakuwaza kabisa. Wanaoishi mwambao wa Nyasa wanawajua: kungu. Vile vidudu vidogo vinavyoinuka kutoka majini kwa mamilioni, ukiwa mbali unaona moshi mrefu mweusi unatembea juu ya ziwa kana kwamba kuna nyasi zinaungua. David Livingstone aliyekuja ziwani mwaka 1861 alifananisha vivyo hivyo, na akaandika kwamba wenyeji huwakusanya na kuwapika mkate. Upepo ukiwaleta nchi kavu, wanafuata taa. Sasa niambieni, kasha la kioo lenye feni zinazowaka rangi tatu usiku, dirisha liko wazi kwa sababu ya joto, ni nini hilo kama si karabai? Mdogo wangu alinuna nilipomwambia taa hazitakuwepo. Tukaafikiana nusu kwa nusu: feni za kawaida zisizowaka, na utepe mmoja mdogo wa taa nyeupe ndani wenye swichi yake, uwashwe mtu anapotaka kuonyesha au kukagua, kisha uzimwe. Muuzaji alishangaa. Alisema ni mara ya kwanza mtu anamwomba amtafutie kesi ya kioo isiyo na taa.

Jambo lililobaki ndilo lililoninyima raha zaidi: safari. Kutoka Dar mpaka Songea ni zaidi ya kilomita 900 kwa basi. Songea hadi Mbinga, kisha Mbinga hadi Mbamba Bay ambako siku hizi ni lami, halafu unashika mwambao kwenda kaskazini kwenye barabara ya vumbi, unapita Liuli na ule mwamba wa Pomonda ambao Wajerumani waliuona kama sanamu ya Misri wakaita bandari yao Sphinxhafen. Kioo kitapita huko kweli?

Nikasoma kuhusu kioo chenyewe, na nawashauri mnaotaka kununua msome pia. Hiki si kioo cha dirisha la nyumba, ni ndugu wa kile cha mlango wa gari. Wanakipasha moto zaidi ya nyuzi 600, kisha wanakipuliza hewa baridi ghafla. Ngozi ya nje inakakamaa kwanza, tumbo la ndani linapoa nyuma yake likijikunja. Matokeo yake ngozi inabaki imebanwa na tumbo limevutwa, wanagombana humo ndani maisha yao yote. Ugomvi huo ndio nguvu yake: ukikipiga kiganja katikati kinavumilia mno. Ila mkishaingilia ugomvi huo hata mahali padogo tu, chote kinasambaratika kwa mpigo kuwa punje punje. Hakikatwi tena, hakitobolewi. Na mahali pake dhaifu ni ukingoni na pembeni. Kuna watu wamekisimamisha taratibu tu juu ya sakafu ya taili, kikapasuka mikononi, kwa sababu kauri ya taili ina chembe ngumu zinazoweza kuuchana ukingo. Kwetu sakafu ni saruji, sikutaka kubahatisha, tulitandika mkeka.

Uzito nao si wa kupuuza. Kioo cha sentimita 40 kwa 40 chenye unene wa milimita 4 kina kilo 1.6. Kikining'inia kwenye skrubu nne huku basi linaruka matuta, kila tuta ni nyundo. Kwa hiyo nilikifungua dukani, nikakifunga kwenye blanketi kati ya maboksi mawili bapa, nikasafiri nacho mimi mwenyewe, kimesimama katikati ya magoti. Nafasi ya kioo kwenye kasha nikaiziba kwa kipande cha plaiwudi. Kadi ya picha niliichomoa pia ikarudi kwenye boksi lake, kwa sababu ni nzito na imeshikwa upande mmoja tu, ikitikiswa siku nzima inaweza kuvunja mahali ilipochomekwa. Diski zilikaa kwenye begi la mgongoni, katikati ya nguo. Konda aliniuliza nimebeba picha ya harusi? Nikamjibu ndiyo, maana maelezo ya kweli yangechukua safari nzima.

Kuanzia Mbamba Bay nilishuka nikapanda pikapu, na hapo niliacha kuamini hesabu yoyote niliyoisoma. Nilikikumbatia kile kioo kama mtoto mchanga. Mama mmoja aliyekaa na ndoo yake ya dagaa alinionea huruma akanipa khanga ya kuongezea juu ya blanketi, na alipoteremka njiani alikataa nisiifungue, akaniambia nitamrudishia siku tukionana. Bado ninayo.

Kimefika kizima.

Tulifunga mashine Jumapili mchana, mlango wazi, watoto wamejaa kizingitini. Nilichagua kasha la wastani, la ubao mdogo wa sentimita 24.4 kila upande, si yale makubwa kama friji. Mdogo wangu ndiye aliyeshika bisibisi. Mimi nilikaa na taa ya simu nikiwa msomaji wa maelekezo, na mara mbili nilimkuta ameshamaliza hatua ambayo nilikuwa bado natafuta maana yake. Tuliwasha kabla ya kuweka kioo, tukaona feni tatu zinazunguka, tukaweka karatasi nyembamba mbele ya wavu, ikavutwa na kung'ang'ania. Hewa inaingia. Tukaiweka nyuma, ikasukumwa. Ndipo kioo kikawekwa, skrubu zikakazwa kwa vidole tu, bila bisibisi, maana kukaza kupita kiasi nako ni kuingilia ule ugomvi.

Nimekaa nayo wiki tatu kabla ya kurudi mjini. Chujio tulilivuta siku ya kumi na mbili, tukalikuta limevaa koti jekundu, na katikati ya koti kungu waliokauka kama ufuta. Ndani ya kasha palikuwa safi isipokuwa utando kidogo kwenye pembe ya chini, na utando huo niliuona nikiwa nakunywa chai, kwa sababu ya kioo. Kama lingekuwa bati ningeujua baada ya mwaka. Nakala za wazee zimekamilika kwenye diski zote mbili, saa sitini na tatu na dakika kumi na nane. Ile diski ya tik tik ilimaliza kunakiliwa usiku wa tatu, na asubuhi yake haikuwaka tena.

Watoto wa jirani sasa wana mchezo wao. Anasimama mmoja kama mwalimu na kijiti, mwingine anaulizwa, "Memori ni ngapi?" Siku moja mdogo wangu alichomoa moja makusudi kuisafisha, kabla hajaketi wakamwambia imepungua.

Kinachonisumbua kwa sasa ni umeme. Gridi ya Taifa ilifika Songea mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, kabla ya hapo Songea ilitegemea zaidi majenereta ya dizeli, na leo nyumbani tunanunua LUKU kama watu wa Kinondoni. Hilo ni jema. Ila mvua ikinyesha na radi ikianza kuzungumza ng'ambo ya Malawi, umeme unakatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja, na diski iliyo katikati ya kuandika hairudi ikiwa na furaha. Kwa hiyo makala mbili zijazo ni za UPS. Nimeiona moja Songea, nzito kama jiwe la kusagia. Niliwatumia picha yake nyumbani jana. Mdogo wangu akajibu kwa alama ya dole gumba. Mjomba alichukua simu akanipigia mwenyewe, akaanza na salamu ndefu, watoto, kazi, afya, mvua, kisha akauliza na hilo sanduku jingine nalo ni la nini.